Straipa wa Mto Hudson: kuvua mwanzoni mwa machipuko

Mto Hudson, katika jimbo la New York, ni nusu mto na nusu bahari. Maji hujaa na kupwa ndani yake kuanzia ncha ya kusini ya Manhattan mpaka bwawa la Troy, umbali wa maili 153 hivi (kilomita 246). Kila machipuko samaki wa milia, Morone saxatilis kwa jina la kitaalamu na straipa kwa wavuvi wa huko, hutoka Atlantiki na kuupanda mto huu kwenda kutaga. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Aprili, na siku hiyo kingo hujaa watu wanaovua maji matupu. Kalenda inaruhusu kuvua, lakini anayeamua kama samaki atakula ni joto la maji.

Kipimajoto kabla ya chambo

Maji yakiwa chini ya nyuzi 6 za Selsiasi, straipa aliyemo mtoni hujilaza vilindini. Hatembei, na akila hula kile tu kinachompitia puani. Kati ya nyuzi 7 na 9 madume madogo, wa inchi 16 hadi 24, huanza kusogea na kuokota minyoo. Nyuzi 10 ndiyo hatua inayongojewa: heringi wa mtoni, samaki wadogo ambao straipa huwala, huingia kwa makundi, na majike makubwa huja nyuma yao. Kutaga huanza kwenye nyuzi 14 hivi na hupamba moto kati ya 16 na 18, ambayo kwa Hudson huangukia zaidi nusu ya pili ya Mei. Samaki aliye katika shughuli ya kutaga hana haja na chambo chako. Kwa hiyo dirisha la kumpata mkubwa ni lile lililo kati ya nyuzi 10 na 14, na baadhi ya miaka halizidi wiki tatu.

Idara ya Jiolojia ya Marekani (USGS) ina vituo vya kupimia mtoni, kikiwemo kimoja karibu na Poughkeepsie, na joto la maji husomwa bure kwenye intaneti. Usitazame namba ya leo peke yake, soma mwenendo wa siku tatu nne. Nyuzi 9 zinazopanda ni bora kuliko nyuzi 11 zinazoshuka. Mvua baridi ikishusha joto kwa nyuzi mbili, ulaji hukatika siku mbili au tatu hata kama jua limerudi. Chukua pia kipimajoto chako, kifunge kwenye kamba yenye uzito na ukishushe futi tano. Kituo hupima mto mkuu, nawe huenda umesimama kwenye ghuba yenye joto zaidi kwa nyuzi mbili tatu. Tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Mapema Aprili anza kusini, kwenye maji mapana yenye kina kifupi: Piermont, Croton Point, Ghuba ya Haverstraw. Tope jeusi la huko hunywa jua mchana kutwa. Katikati ya mwezi sogea Newburgh na Poughkeepsie. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei samaki huwa wametapakaa Kingston, Saugerties, Catskill, Coxsackie, hadi Albany. Midomo ya vijito, kama Rondout, Esopus na Catskill, hubaki mahali pazuri wakati wote kwa sababu heringi huingia humo kutaga.

Wavuvi wengi wamezoea kudamka. Mwanzoni mwa Aprili huko ni kujitesa bure: maji ya alfajiri ndiyo baridi kuliko yote ya siku. Saa bora ni kuanzia saa saba mchana mpaka jua linapozama, na bora zaidi ni siku ambayo maji yanapwa alasiri. Hapo maji yaliyopashwa moto juu ya matope huteremka kuelekea mkondo mkuu, nao straipa hujipanga pale ukingo unapodidimia, kwenye kina cha futi 10 hadi 20, wakisubiri kinacholetwa.

Kusimama kwa maji si saa iliyoandikwa kwenye jedwali

Aliyelelewa pwani ya Lamu au Tanga anajua bamvua na maji mafu, na amezoea maji kupanda mita tatu. Hudson ni mpole zaidi: wastani wa tofauti kati ya kujaa na kupwa ni futi nne hivi, na karibu na West Point haifiki hata futi tatu. Lakini mkondo wake una nguvu, na una tabia inayowachanganya hata wazoefu wa bahari. Maji yakifikia kimo chake cha juu kabisa, mkondo hausimami papo hapo. Huendelea kwenda juu ya mto kwa saa nzima, mahali pengine karibu mbili, huku kimo kikiwa kimeshaanza kushuka. Anayefika na jedwali la kujaa na kupwa akidhani maji yatasimama saa ile hukuta mkondo mkali na chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana, lisilotulia. Tafuta jedwali la mikondo, si la kimo pekee, la kituo kilicho karibu nawe. Wimbi la kujaa huchukua zaidi ya saa tisa kutoka New York mjini mpaka Albany, hivyo jedwali la mjini halikufai ukiwa Catskill.

Jambo la pili ni maji ya theluji. Milima ya Adirondack ikiyeyusha theluji kwa pamoja, mto wa juu, hasa kati ya Coxsackie na Troy, unaweza kukataa kabisa kugeuka: maji hupanda na kushuka, lakini mkondo huelekea baharini muda wote. Siku hizo shuka kusini, au ingia mdomoni mwa kijito ambako mkondo umevunjika.

Samaki hula zaidi katika saa ya mwisho kabla ya maji kusimama na saa ya kwanza baada ya kugeuka. Mkondo ukiwa katika kilele chake, straipa hujificha nyuma ya kitu: nguzo ya daraja, mwamba, fungu la mchanga, ukuta wa zamani wa mawe. Maji yakisimama kabisa, tumia dakika hizo ishirini kula mkate wako na kubadilisha chambo.

Zana

Kwa boti, fimbo ya kuvulia ya futi 7 inatosha. Kwa ukingoni tafuta ya futi 9 au 10 yenye uwezo wa kurusha wakia 3 hadi 6. Rili ya kusokota, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ya namba 5000 au 6000 ijazwe yadi 250 za mshipi wa kusukwa unaohimili ratili 30. Mshipi wa kusukwa una kipenyo kidogo, na mkondo hauusukumi sana. Ukitumia nailoni nene, mshipi hupinda kama upinde majini na chubwi hung'oka chini.

Mtego wa chambo cha chini hufungwa hivi. Pitisha mshipi ndani ya kibomba cha plastiki chenye kibanio cha chubwi, kiteleze kwa uhuru. Tia ushanga mmoja ili kibomba kisigonge fundo. Funga kiungo kinachozunguka kwa fundo la palomar: kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe jichoni, funga fundo la kawaida bila kukaza, pitisha kiungo chote ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate kisha vuta. Upande wa pili funga inchi 24 hadi 30 za mshipi wa fluorokaboni wa ratili 40, na mwishoni ndoana.

Kipande hicho cha mwisho kikizidi futi tatu, chambo huzunguka kwenye mkondo na kujisokota juu ya mshipi. Ndiyo sababu kubwa ya kupandisha fundo la nywele badala ya samaki. Kikiwa chini ya inchi 18, samaki husikia uzito wa chubwi mapema na kutema.

Ndoana iwe ya mviringo, ambayo ncha yake imegeukia ndani kuelekea mpini. Kwa straipa na chambo cha asili sheria inaidai hiyo, tena isiyopindishwa pembeni. Ilaze mezani: ikilala bapa, ni halali, ncha ikiinuka, iache nyumbani. Saizi ni 2/0 hadi 4/0 kwa minyoo, 6/0 hadi 8/0 kwa vipande vya heringi.

Machubwi beba ya wakia 2, 3, 4 na 6. Kanuni ni kutumia jepesi kuliko yote linalokaa chini. Kwenye tope chukua lililo bapa, kwa sababu la mviringo hubiringika likaupeleka mshipi wako kwa jirani, na ugomvi wa kingo za Hudson huanza hivyo.

Chambo kwa kufuata joto

Chini ya nyuzi 10, tumia minyoo ya damu ya baharini au minyoo ya mchangani, ile inayouzwa kwa dazani katika maduka ya chambo. Mnyoo mzima mmoja, uchomwe mara mbili tatu, mkia uachwe unaning'inia. Jike la mnyoo wa damu au dume, wote wana meno manne yanayouma sawasawa, basi shika nyuma ya kichwa. Ukiona ncha ya fimbo inatetemeka haraka haraka bila kuinama, hao ni samaki wadogo weupe wanaoitwa white perch, na mnyoo umekwisha. Vuta, weka mwingine.

Nyuzi 10 zikifika, hamia kwenye heringi. Wapo wa aina mbili, alewife anayetangulia na blueback anayefuata baadaye. Ruhusa ni heringi 10 kwa mvuvi kwa siku. Huvuliwa kwa mshipi wenye vindoana vidogo vingi vyenye manyoya, ukishushwa mahali kipimakina kinapoonyesha wingu zito katikati ya maji. Angalia usimchukue shadi, samaki wa jamii ya heringi, ambaye uvuvi wake Hudson umefungwa tangu 2010. Mfunge mdomo na umtazame kwa upande: heringi taya lake la chini hujitokeza mbele, la shadi huingia ndani ya taya la juu.

Heringi hai ni mwepesi kufa. Pipa liwe la duara, kwa sababu kwenye pembe za pipa la mraba hujigonga pua na kukwama. Lita 100 huwatosha wanane hadi kumi, si zaidi, na pampu ya hewa isizimwe hata dakika moja. Maji yatoke mtoni. Ya bomba yana klorini na yatawamaliza. Povu likianza kutanda juu na magamba kuelea, badilisha nusu ya maji mara moja. Washike kwa mkono uliolowa.

Boti ikielea na mkondo, mchome heringi puani, aogelee akitazama mbele. Maji yakiwa yanakaribia kusimama, mchome nyuma ya pezi la mgongo, naye atahangaika kushuka chini. Mshipi uwe huru, kidole kikiusikia tu.

Ukivua kwa vipande, mkate heringi mbichi mara tatu au nne kwa kukatiza mwili, unene wa inchi moja na nusu. Kichwa usikitupe, ndicho kipande kigumu kuliko vyote, na kambare hushindwa kukinyofoa. Choma upande wa mgongo na acha ncha yote ya ndoana nje. Ncha iliyozama nyamani haishiki kitu, na hili ndilo kosa la kwanza la anayetoka kwenye ndoana za kawaida. Kila dakika 20 badilisha: damu ikishaoshwa na mkondo, kilichobaki ni pamba. Heringi wa barafu hufaa wakati wa shida, lakini nyama yake hulegea. Mfunge kwa uzi mwembamba.

Chambo bandia hufanya kazi pia, ila kwa mwendo wa kobe. Kichwa cha risasi cha wakia 1 chenye samaki wa mpira wa inchi 5, rangi nyeupe au ya limau maji yakiwa machafu, kiguse chini, kiinuliwe futi moja, kishuke tena. Kwa wenye boti, kokota samaki bandia wa inchi 5 hadi 7 kwa mwendo wa maili 2 hadi 3 kwa saa, ukifuata mstari wa ukingo unapodidimia, na mara kwa mara ugeuze boti kidogo: wa upande wa nje hukaza mwendo, wa ndani hupunguza, na wakila mmoja tu unajua mwendo wanaoutaka. Mto ukiwa rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua, rudi kwenye harufu.

Akishika, na kumrudisha

Fimbo ikae kwenye kishikio, breki ya rili ikikaza wastani. Ncha itaguswa, itatikisika, kisha itainama na kubaki imeinama. Hapo ndipo unainua na kuanza kukunja taratibu. Usivute kwa ghafla. Ndoana ya mviringo hujiteleza yenyewe mpaka pembe ya mdomo, na ukiistua unaitoa mdomoni kabla haijafika. Kwa waliovua miaka mingi kwa ndoana zilizonyooka, kuizuia mikono ndiyo kazi ngumu kuliko yote iliyoandikwa hapa.

Kaskazini ya daraja la George Washington, lile la Manhattan, tangu 2024, unaruhusiwa straipa mmoja kwa siku mwenye urefu wa inchi 23 hadi 28 (sentimita 58 hadi 71), na msimu unakwisha 30 Novemba. Kusini ya daraja sheria ni nyingine. Pima kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia uliobanwa. Mvuvi wa miaka 16 na zaidi ajiandikishe kwenye daftari la uvuvi wa baharini la jimbo, ambalo ni bure. Masharti hubadilishwa mara kwa mara, hivyo fungua ukurasa wa Idara ya Uhifadhi wa Mazingira (DEC) kila mwaka kabla ya Aprili.

Kwa mipaka hiyo, wengi utakaowavua watarudi majini, na majike yenye mayai ndio watakaozidi kipimo. Tumia wavu wa mpira, kwani wa nailoni yenye mafundo hukwangua ute. Kumtia straipa kulabu ya kuinulia ni marufuku. Mlaze ndani ya wavu ubavuni mwa boti, toa ndoana kwa koleo akiwa majini. Ukimwinua kwa picha, mkono mmoja taya, mwingine chini ya tumbo, sekunde 20 zinatosha. Mkubwa akining'inizwa kwa taya peke yake viungo vya ndani huumia. Ndoana ikiwa imezama kooni, kata mshipi karibu nayo na umwache.

Chambo cha chini huweza kumnasa sturjoni, samaki mwenye safu za magamba magumu mgongoni na ndevu chini ya pua. Hudson ina aina mbili na zote zinalindwa. Usimpandishe botini kabisa. Kata au toa ndoana majini.

Mto wenyewe

Sheria ya New York inamtaka kila aliyemo katika boti ya chini ya futi 21 avae jaketi okozi kuanzia 1 Novemba hadi 1 Mei. Maji ya nyuzi 8 hukata pumzi katika dakika ya kwanza, na baada ya kama dakika kumi vidole havishiki kamba. Magogo ya maji ya theluji huelea nusu yamezama, kwa hiyo tembea polepole asubuhi. Nanga ifungwe omo, kamwe isifungwe tezi: mkondo ukipiga nyuma ya boti ndogo, maji huingia kwa dakika moja. Kamba iwe mara tano hadi saba ya kina, na mwisho wake ufungwe boya, ili ukihitaji kumfuata samaki au kuyapisha majahazi ya mizigo uiache na kuirudia. Usitie nanga kwenye njia ya meli. Zile zinazokwenda Albany haziwezi kukukwepa. Upepo wa kusini ukikutana na maji yanayopwa, Ghuba ya Haverstraw huchafuka ghafla.

Kwa wa ukingoni, tatizo ni reli. Treni zimeshika kingo zote mbili kwa sehemu kubwa ya mto, na kuvuka relini kwenda kuvua ni kosa kisheria, na unaweza kukutana na treni zisizosikika mpaka zimefika. Tumia bustani za umma na gati za miji, kama Croton Point, Newburgh na Kingston.

Ukimchukua mmoja wa kula, jua kwamba viwanda viwili vya General Electric, Hudson Falls na Fort Edward, vilimwaga kemikali zenye sumu za PCB mtoni kuanzia 1947 hadi 1977, nazo hukaa kwenye mafuta ya samaki. Idara ya Afya ya jimbo hutoa mwongozo wa kiasi cha kula kwa kila sehemu ya mto, mkali zaidi kaskazini ya daraja la Rip Van Winkle huko Catskill, na mkali kuliko wote kwa watoto na wanawake wanaoweza kupata mimba. Usome kabla ya kumpikia mtu. Mchune ngozi, ondoa nyama nyeusi ya ubavuni na mafuta ya tumbo na mgongo, kisha mchome juu ya wavu wa chuma, mafuta yadondoke motoni. Mchuzi wa kichwa, hata ukiwa na nazi, kwa samaki huyu uache.